Kelele za ubongo hupimwaje?

Ubongo wa binadamu una takriban seli za neva bilioni 86, zinazowasiliana kwa misukumo midogo ya umeme. Hata hivyo, seli hizo hazijibu sawasawa kila mara. Mnyama akionyeshwa picha ileile mara tatu, seli moja ya ubongo wake yaweza kutoa misukumo minane, kisha mitano, kisha kumi na mmoja. Kuyumba huko ndiko wanasayansi wanakokuita kelele, ingawa hakuna sauti inayosikika.

Ili kuzipima, watafiti huingiza elektrodi nyembamba kwenye ubongo, hurudia jaribio mara nyingi na kuhesabu misukumo. Kisha hukokotoa wastani na mtawanyiko wa hesabu hizo. Mtawanyiko ukigawanywa kwa wastani hupatikana kipimo cha Fano, chenye jina la mwanafizikia mzaliwa wa Italia, Ugo Fano, aliyekieleza mwaka 1947. Jibu likiwa 0, idadi ya misukumo haibadiliki kamwe. Likiwa karibu na 1, misukumo huja kwa nasibu, kama matone ya mvua juu ya bati.

Je, kasoro imo ndani ya seli yenyewe? Mwaka 1995, Zachary Mainen na Terrence Sejnowski nchini Marekani walichapisha matokeo ya majaribio ya vipande vya ubongo wa panya. Seli zilipopewa umeme usiobadilika, misukumo yao ilipotezana wakati. Zilipopewa umeme unaopanda na kushuka, misukumo ilirudi nyakati zilezile, kwa tofauti isiyofikia sehemu moja ya elfu ya sekunde. Hivyo, kelele nyingi hutoka kwingineko: kwenye viungio vya seli, ambavyo wakati mwingine hushindwa kupitisha ujumbe, au katika mabadiliko ya umakini na usingizi.

Suala hili linawagusa wagonjwa moja kwa moja. Mwaka 2012, mradi wa BrainGate nchini Marekani ulionyesha mwanamke aliyepooza mikono na miguu akiuongoza mkono wa roboti kwa fikra na kujinywesha kahawa. Kompyuta hujumlisha ishara za seli nyingi ili kelele zifutane. Lakini kelele inayozikumba seli zote kwa pamoja haifutiki kwa kuongeza idadi yake; sharti kwanza ipimwe, ndipo itenganishwe na nia ya mgonjwa.