Kutazamia si Kutabiri

Siku hizi wataalamu wa mitambo huifunza roboti ijue mtu aliye mbele yake atafanya nini punde. Je, kitendo hicho tukiite utabiri? Katika makala haya tunaeleza kwa nini tunapendelea neno utazamiaji.

Tuchukue mfano wa mashamba ya korosho ya Nachingwea na Ruangwa. Alfajiri, umande ukiwa majanini, mkulima abeba mgongoni mashine ya kupulizia. Jirani amwonaye hutazamia kwamba anakwenda kupulizia salfa ili kuzuia ubwiriunga. Akimwona saa nane mchana akielekea mjini nayo, hutazamia kwamba anaipeleka kwa fundi. Mashine ni ile ile. Saa na njia ndizo zilizobadili uzito wa kila dhana. Uzito huo ndio uwezekano, nao huandikwa kwa tarakimu kuanzia 0, yaani jambo haliwi, hadi 1, yaani jambo halikosi.

Roboti nayo hupima hivyo. Mwaka 2013 Hema Koppula na Ashutosh Saxena wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walieleza roboti iliyofunzwa kwa video za watu wakifanya kazi za nyumbani. Ilipomwona mtu amebeba sufuria akielekea kwenye jokofu, ilimfungulia mlango. Ilipotazamia sekunde 1 mbele ilipatia mara 82 katika 100. Sekunde 10 mbele, mara 57 tu.

Hapo ndipo penye hoja yetu. Kutabiri, neno lenye asili ya Kiarabu na lililohusu kufasiri ndoto, humfanya msikilizaji angoje hakika. Nachingwea inajua gharama ya makisio yanayochukuliwa kuwa hakika: Mpango wa Karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 bila uchunguzi wa kutosha wa mvua na udongo, uliachwa mwaka 1951. Roboti iliyo karibu na mgonjwa au mtoto nayo yaweza kukosea. Neno lisimfiche mtumiaji jambo hilo.

Kwa hiyo tunapendekeza:

Utazamiaji: kukadiria tendo lijalo kutokana na dalili zinazoonekana, pamoja na kutaja uwezekano wake.

Kielelezo cha uwezekano: utaratibu wa hesabu unaokipa kila kitendo kinachoweza kufuata uwezekano wake.

Utabiri: libaki katika hali ya hewa, ambako limekwisha kuzoeleka.

Tunawaomba walimu, wafasiri na mafundi wayajaribu maneno haya kazini, kisha watuletee maoni yao.