Wazazi na Mkondo wa Amali

Sera ya Elimu ya Tanzania, toleo la 2023, imeweka njia mbili katika sekondari: mkondo wa jumla na mkondo wa amali. Mwanafunzi wa amali husoma hisabati na lugha, na pamoja nazo hujifunza fani kama useremala, umeme au ushoni. Wala mlango wa chuo cha ufundi haukufungwa mbele yake. Hata hivyo wazazi wengi, nasi tulikuwa miongoni mwao, husema kuwa njia hiyo ni ya walioshindwa. Ajabu ni kuwa madrasani twafundisha elimu na amali kila siku, wala hatuvitengi! Linalotutia hofu ni jingine: skuli iliyoandikiwa useremala, na ndani yake hamna randa wala fundi. Kabla ya kumwandikisha mtoto, twende tukaione karakana.