Chakula Kidogo, Umri Mrefu: Funzo la Mnyoo wa Maabara

Caenorhabditis elegans ni mnyoo wa milimita moja hivi, anayeishi kwenye udongo na matunda yanayooza. Hamwambukizi binadamu ugonjwa wowote, na asichanganywe na minyoo ya tumboni. Mwili wake hupitisha mwanga, hivyo viungo vyake huonekana chini ya hadubini angali hai. Mnyoo mzima, ambaye kwa kawaida ni huntha, ana seli 959 za mwili, na kati ya hizo 302 ni za neva. Sydney Brenner alimchagua katika miaka ya 1960 huko Cambridge, Uingereza, ili kuchunguza jinsi jeni zinavyoujenga mfumo wa neva. Wachunguzi wa uzee walivutiwa na jambo jingine: katika joto la nyuzi 20 za Selsiasi hukomaa kwa siku tatu hivi, na hufa akiwa na wiki mbili au tatu.

Maabarani, minyoo hawa hufugwa kwenye visahani vya agari vilivyopakwa bakteria aina ya Escherichia coli, ambao ndio chakula chao. Mnyoo kijana huwavuta bakteria kwa koo lenye misuli linalopiga zaidi ya mara 200 kwa dakika, kisha huwasaga kabla ya kuwapeleka utumboni. Kuupima umri wake ni kazi ya mikono na subira. Mtafiti hupita visahani kila siku au kila baada ya siku moja, akimgusa mnyoo mmoja mmoja kwa waya mwembamba wa platini. Asiyetikisika huandikwa amekufa. Kwa kuwa mnyoo mmoja hutaga mayai 300 hivi, wazazi huhamishiwa visahani vipya mara kwa mara, au hutiwa dawa ya kuzuia mayai yasianguliwe, wasije wakachanganyika na watoto wao.

Kwamba chakula kidogo huweza kurefusha maisha kulijulikana tangu 1935, Clive McCay na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walipoeleza kuwa panya waliopunguziwa chakula, bila kunyimwa vitamini na madini, waliishi muda mrefu kuliko wenzao. Kwa minyoo, Michael Klass alionyesha mwaka 1977 kwamba waliofugwa kwenye maji yenye bakteria wachache waliishi zaidi ya wale waliojaziwa, ingawa walizaa kidogo. Mwaka 1998 Bernard Lakowski na Siegfried Hekimi, wa Chuo Kikuu cha McGill nchini Kanada, walitumia njia nyingine. Walichunguza minyoo wenye kasoro katika jeni kama eat-2, ambayo hulifanya koo lipige polepole. Minyoo hao wanazungukwa na chakula tele lakini wanameza kidogo, na umri wao uliongezeka kwa hadi asilimia 50. Mwaka 2006 ikaripotiwa kwamba hata minyoo wazima walioondolewa bakteria wote waliishi zaidi ya walioshiba. Sharti ni wawe wamekwisha kukomaa, maana lava anayenyimwa chakula hukwama katika ukuaji.

Maelezo ya zamani yalikuwa mepesi: anayekula kidogo huunguza kidogo, kwa hiyo mwili huchakaa polepole. Maelezo hayo hayatoshi, na hapa ndipo mnyoo alipotoa mchango wake mkubwa. Kama ingekuwa ni kupungua kwa uchakavu tu, kuzima jeni moja kusingefuta faida yote. Lakini mwaka 2007 ilidhihirika kwamba minyoo wa eat-2 wakizimiwa jeni ya pha-4, umri wa ziada hutoweka. Mwaka huohuo uchunguzi mwingine uligundua kwamba jeni ya skn-1 inahitajika katika neva mbili tu za kichwani. Ikikosekana, kupunguziwa chakula hakumsaidii mnyoo. Ikirudishwa katika neva hizo mbili peke yake, faida hurudi. Kwa maneno mengine, neva huipokea habari ya uhaba na kuusambazia mwili mzima amri. Hata dalili ya chakula ina uzito: minyoo walionyimwa bakteria, lakini wakawekewa karibu bakteria wasioweza kuwafikia, walipoteza sehemu ya umri waliokuwa wameongeza.

Ndani ya seli, amri hiyo hupitia protini kadhaa. TOR huchochea ukuaji na utengenezaji wa protini wakati wa neema, na hutulia chakula kinapopungua. AMPK huamka nishati inapopungua. Matokeo yake ni kwamba seli huvunja sehemu zake zilizochakaa na kuzitumia upya kama malighafi. Jeni za kazi hiyo ya usafi zikizimwa, minyoo wa eat-2 hawaishi tena umri wa ziada.

Hata hivyo njia si moja. Cynthia Kenyon alikuwa ameonyesha mwaka 1993 kwamba kasoro katika jeni ya daf-2, inayofanana na kipokezi cha insulini cha binadamu, huuongeza umri maradufu, mradi jeni ya daf-16 iwe nzima. Minyoo wa eat-2 hawaihitaji daf-16. Wale wanaopewa bakteria waliozimuliwa juu ya agari wanaihitaji. Kwa hiyo anayesema "kupunguza chakula" bila kutaja namna kilivyopunguzwa hajasema la kutosha, na matokeo ya maabara mbili yanaweza kutofautiana bila yeyote kukosea.

Kutoka kwa mnyoo hadi kwa binadamu ni mbali. Katika utafiti wa nyani aina ya rhesus nchini Marekani, kituo cha Wisconsin kiliripoti mwaka 2009 vifo vichache vya magonjwa ya uzeeni kwa waliopunguziwa chakula. Taasisi ya taifa ya utafiti wa uzee haikuona nyongeza ya umri katika matokeo yake ya 2012. Kwa watu, jaribio la CALERIE lililenga kupunguza kalori kwa asilimia 25, na washiriki wakafikia wastani wa 12 hivi. Uzito, shinikizo la damu na lehemu vilishuka. Jaribio hilo lilidumu miaka miwili, muda usiotosha kupima urefu wa maisha ya mtu.