Mageuzi ya benki Uganda: mkulima apata wapi fedha za msimu?

KAMPALA – Mfanyabiashara anayenunua mahindi Uganda ili kuyavusha Busia au Elegu mara nyingi hulazimika kubeba fedha taslimu hadi kijijini na wakati mwingine kumkopesha mkulima kabla ya mavuno. Hali hiyo inatokana kwa sehemu na mageuzi ya sekta ya benki.

Hadi miaka ya 1990, wakulima walitegemea Benki ya Biashara ya Uganda (UCB), iliyokuwa mali ya serikali na yenye matawi mengi kuliko nyingine, pamoja na Benki ya Ushirika. Zote mbili zilielemewa na mikopo isiyolipwa. Benki ya Ushirika ilifungwa na Benki Kuu mwezi Mei 1999, na mwaka 2002 asilimia 80 ya hisa za UCB ziliuzwa kwa Stanbic.

Mageuzi hayo yaliimarisha mabenki. Hata hivyo, benki inayofuata faida hupendelea kuikopesha serikali au mteja wa mjini mwenye hati miliki, ilhali ardhi kubwa ya vijijini ni ya kimila na haina hati. Pengo hilo limezibwa na mnunuzi wa mazao, ambaye hubeba hatari ya kuibiwa njiani na ya bei kuanguka.

Hatua tatu zimechukuliwa baadaye. Mwaka 2009 serikali ilianzisha mfuko wa mikopo ya kilimo chini ya Benki Kuu, kwa riba isiyozidi asilimia 12 kwa mwaka. Nusu ya fedha hutolewa na benki yenyewe, hivyo bado benki huchagua wakopaji kwa uangalifu. Sheria ya mwaka 2016 iliruhusu mawakala wa benki, na kwa njia hiyo malipo yanaweza kufanyika karibu na shamba.

Ya tatu ni sheria ya mwaka 2019 kuhusu dhamana ya mali inayohamishika. Mazao yaliyo ghalani, lori, hata madeni anayodai mfanyabiashara, sasa vinaweza kuwekwa dhamana na kuandikishwa katika daftari la Idara ya Usajili ya Uganda (URSB).

Kwa wasafirishaji, sheria hiyo ina pande mbili. Lori linaweza kuleta mtaji bila hati ya kiwanja. Lakini anayenunua lori lililotumika hana budi kupekua daftari hilo kwanza, asije akalipia gari ambalo benki bado inalidai.