Bakteria wa Kopo Hawaponyi Utumbo Uliovimba

Swali huja kwa sura nyingi, lakini ni lile lile: "Dokta, hizi dawa nitaziacha lini nihamie kwenye bakteria wazuri?" Anayeuliza ni mtu tuliyekwisha kumpima kwa kamera, tukachukua vinyama vya maabara, na majibu yakasema ana kolaitisi yenye vidonda au ugonjwa wa Crohn. Ameelezwa kwamba kinga ya mwili wake inaushambulia utumbo wake mwenyewe, na kwamba dawa ni za muda mrefu. Amekwenda nyumbani, amesikiliza ya kwenye simu na ya majirani, na sasa amerudi na kopo la hao bakteria.

Wiki hii kopo limewekwa tena mezani kwangu, na kijana aliyelileta alikuwa ameacha mesalazini, dawa yake ya kutuliza uvimbe wa utumbo.

"Mdogo wangu, umeacha tangu lini?"

"Tangu nianze hii, dokta. Waliniambia zisichanganywe."

Nililigeuza nikalisoma. Mbele pameandikwa bilioni 50 kwa maandishi makubwa. Nyuma kuna orodha ya majina ya Kilatini, Lactobacillus hii na Bifidobacterium ile, bila kutaja hata mahali pamoja ni uzao upi wa kila spishi. Hilo si jambo dogo: ndani ya spishi moja kuna uzao unaofanya kazi fulani na mwingine usiofanya lolote, na utafiti wowote wa maana hutaja uzao kwa jina au namba. Chini kabisa wameandika lihifadhiwe penye ubaridi. Kijana alilinunua kwenye rafu ya duka la Dar es Salaam, mwezi wa pili, joto likiwa kileleni.

Hoja aliyouziwa ni hii: bakteria wabaya wamekuwa wengi kuliko wazuri, kwa hiyo safisha utumbo kwa dawa ya kuharisha, kisha panda wazuri, na vidonda vitafunga vyenyewe. Nusu ya maneno hayo ni kweli, na ndiyo maana yanauzika. Naomba niyachambue yote, kwa sababu nimechoka kuwapokea watu waliochelewa.

Ni kweli kwamba bakteria wa utumbo unaougua si sawa na wa utumbo mzima. Mwaka 2008 Harry Sokol na wenzake huko Ufaransa waliwachunguza wagonjwa wa Crohn waliokatwa kipande cha utumbo. Waliokuwa na upungufu wa bakteria aitwaye Faecalibacterium prausnitzii ndio waliorudiwa zaidi na ugonjwa. Bakteria huyu huchachusha nyuzinyuzi za chakula na kutoa butireti, ambayo seli za ukuta wa utumbo mpana huitumia kama chakula chao kikuu. Kwa hiyo anayesema bakteria wana nafasi katika magonjwa haya hajadanganya.

Uongo unaanzia kwenye kopo. Faecalibacterium prausnitzii havumilii hewa. Akikutana na oksijeni hufa ndani ya dakika chache. Hayumo kwenye mtindi, na hakuwamo kwenye orodha ya kopo lile. Mgonjwa amepungukiwa na bakteria mmoja, anauziwa mwingine kabisa, kwa sababu tu huyo wa pili ni rahisi kumfuga kiwandani na kumkausha.

Tena, sehemu ya upungufu huo ni matokeo ya uvimbe wenyewe. Ukuta wa utumbo ukivimba na kuvuja damu, hali ya ndani hubadilika: wasiovumilia oksijeni hupungua, na jamii ya E. coli, inayoivumilia, hushamiri. Kuongeza bakteria bila kutuliza uvimbe ni kupanda mbegu kwenye shamba ambalo bado linaungua. Dawa za kutuliza uvimbe ndizo zinazouzima moto huo, na ndizo kijana huyu alizoziacha.

Tuangalie na hesabu. Mwaka 2016 watafiti wa Taasisi ya Weizmann, Israeli, na mwenzao wa Kanada walikadiria kwamba mwili wa mtu mzima hubeba bakteria wapatao trilioni 38, karibu wote wakiwa kwenye utumbo mpana. Bilioni 50 inasikika kubwa mpaka uigawanye: kwa kila mgeni mmoja wa kopo kuna wenyeji zaidi ya 700 waliokwisha kukamata nafasi na chakula. Mwaka 2018 watafiti wa Weizmann waliingiza kamera kwenye matumbo ya watu wenye afya waliomeza probiotiki, yaani bakteria hai kama hao wa kopo. Kwa baadhi yao wageni walishika ukutani, kwa wengine walipita tu na kutoka na choo. Na katika waliotumia antibiotiki kwanza, waliomeza probiotiki ndio waliochelewa zaidi kurudishiwa bakteria wao wa asili. Walioachwa bila kupewa chochote waliwatangulia. Hilo nalisema kwa mkazo kwa wenzetu wa maduka ya dawa ambao kila wakiuza antibiotiki huweka na kopo pembeni kana kwamba ni lazima.

Na "mzuri" ni nani hasa? Jibu moja lipo hapa hapa nchini. Mwaka 2014 yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa choo cha Wahadzabe 27 wa kando ya Ziwa Eyasi, wakilinganishwa na Waitaliano 16 wa Bologna. Kwa Wahadzabe hawakuona Bifidobacterium, yule anayepambwa kwenye kila lebo kuwa mlinzi wa tumbo. Waliokuwepo kwa wingi ni pamoja na Treponema, ndugu wa mbali wa kijidudu cha kaswende, ambaye muuza kopo angemweka wa kwanza kwenye orodha ya wabaya. Miaka mitatu baadaye utafiti mwingine ukaonyesha kwamba bakteria wa Wahadzabe hubadilika kwa majira: baadhi hufifia sana msimu wa asali na matunda pori, kisha huonekana tena kiangazi, wakati nyama inapokuwa nyingi. Wanaishi na bakteria hawa wakiwa na afya zao. Bakteria huwa na faida au madhara kwa kutegemea yuko kwa nani, mahali gani, na anakula nini, na hakuna lebo inayoweza kumwambia mnunuzi hayo.

Sasa ushahidi wa tiba yenyewe, maana kuna watakaosema madaktari tunapinga kwa sababu hatuuzi. Upo ushahidi ninaoukubali. Mwaka 1917 daktari Mjerumani Alfred Nissle alipata kwenye choo cha askari mmoja, ambaye hakuugua wakati wenzake wakiharisha, uzao wa E. coli ambao mpaka leo una jina lake. Mwaka 2004 Wolfgang Kruis na wenzake walitangaza utafiti wa wagonjwa 327 wa kolaitisi yenye vidonda ambao tayari walikuwa wametulia. Nusu walipewa bakteria wa Nissle, nusu mesalazini, kwa mwaka mzima. Ugonjwa uliwarudia asilimia 36 upande wa Nissle na asilimia 34 upande wa mesalazini. Ni matokeo ya heshima. Lakini yasome vizuri: ni uzao mmoja unaojulikana, kwa kipimo kinachojulikana, kwa watu ambao uvimbe wao ulikuwa umeshatulizwa, na kwa kolaitisi yenye vidonda tu. Mchanganyiko mmoja wa aina nane nao umeonyesha faida kwa waliotolewa utumbo mpana wakatengenezewa mfuko wa ndani, pale mfuko huo unapovimba. Kwa ugonjwa wa Crohn hali ni kavu. Ufaransa walijaribu hamira ya Saccharomyces boulardii kuwazuia wagonjwa wasirudiwe, na matokeo ya mwaka 2013 hayakuonyesha tofauti na kidonge kisicho na dawa. Chama cha wataalamu wa mfumo wa chakula cha Marekani kilipopitia tafiti zote mwaka 2020, kilishauri kwamba kwa Crohn na kolaitisi yenye vidonda probiotiki zitumike ndani ya utafiti tu.

"Lakini hazina madhara," huniambia, hasa kina mama wanaowanunulia watoto. Kwa mtu mzima mwenye afya, mara nyingi hazina. Kwa mgonjwa mahututi ni habari nyingine. Uholanzi, katika utafiti uliotangazwa mwaka 2008, wagonjwa wenye uvimbe mkali wa kongosho walipewa mchanganyiko wa probiotiki kwa matumaini ya kuwakinga na maambukizi. Walikufa 24 kati ya 152. Upande wa waliopewa kisicho na dawa walikufa 9 kati ya 144. Hamira ya boulardii nayo imekutwa ikizunguka kwenye damu ya wagonjwa waliolazwa wakiwa na mirija kwenye mishipa mikubwa. Mtu anayetumia prednisoloni au azathioprini kinga yake imepunguzwa makusudi, na asimeze kitu hai bila kumwambia daktari wake.

Madhara makubwa kuliko yote ni muda unaopotea. Nimewapokea waliobaki na kopo kwa miezi, damu imekwisha, utumbo mpana umetanuka kama puto kwenye picha ya eksirei, na kilichobaki ni kumwita daktari wa upasuaji autoe wote. Hao walikuwa na dawa, tena zilikuwa zinafanya kazi.

Kuhusu "kusafisha utumbo" kwa dawa za kuharisha au maji ya bomba la nyuma, niseme tu: utumbo wenye vidonda haupigwi deki. Kufanya hivyo kunampotezea mgonjwa maji na potasiamu, na ukuta uliolainika unaweza kutoboka.

Mtindi, maziwa mgando, mala, mursik ya Wakalenjin na togwa ni vyakula, na kwa chakula sina ugomvi. Bakteria wa mtindi husaidia kuivunja laktosi, ndiyo maana wengi wasiovumilia maziwa mabichi huumudu. Ukikupendeza na usipokujaza gesi, kunywa, na dawa zako umeze.

Basi ufanye nini? Hakikisha kwanza kwamba ugonjwa ndio huo. Kwetu choo cha damu kinaweza kuwa amiba, shigela, kichocho kwa waliokaa Kanda ya Ziwa, na kifua kikuu cha utumbo hufanana na Crohn kiasi cha kuwachanganya hata wazoefu. Kumpa steroidi, kama prednisoloni, mwenye amiba au TB ni kumhatarisha, kwa hiyo choo kipimwe na kolonoskopi ifanyike ikiwa na vinyama vya maabara. Vidonda hivi pia sivyo "vidonda vya tumbo" vya H. pylori, dawa zile hazikuhusu.

Kolaitisi yenye vidonda ikiwa sehemu ya mwisho tu ya utumbo, mesalazini ya kuingiza njia ya haja kubwa hufanya kazi kuliko ya kumeza, aibu iwekwe kando. Ikipanda juu zaidi, changanya ya kumeza na ya kuingiza. Mesalazini ikikushinda bei, salfasalazini ipo: iendane na asidi ya foliki, na wanaume wajue hupunguza mbegu, nazo hurudi dawa ikibadilishwa. Prednisoloni ni ya kuuzima moto kwa wiki kadhaa, kisha hupunguzwa taratibu. Asiwepo wa kukaa nayo mwaka mzima. Azathioprini inahitaji vipimo vya damu vya mara kwa mara. Infliksimabu na adalimumabu ni kali na ghali, na kabla yake lazima upimwe TB na homa ya ini B. Mtoto mwenye Crohn anaweza kutulizwa kwa maziwa maalumu ya lishe pekee, wiki 6 hadi 8, bila chakula kingine, chini ya mtaalamu. Mwenye Crohn aache sigara. Diklofenaki na ibuprofeni ziepukwe. Ukipata mimba usiache dawa kabla hatujazungumza. Ikitimia miaka 8 tangu dalili zianze, kolonoskopi ya kutafuta saratani inakuhusu hata kama hujisikii kuumwa.

Kupandikiza kinyesi cha mtu mwenye afya kumethibitika kwa maambukizi sugu ya Clostridioides difficile. Kwa kolaitisi bado ni utafiti. Kusifanyike nyumbani kwa video ya mtandaoni. Mwaka 2019 ilitangazwa Marekani kwamba mgonjwa alikufa kwa E. coli sugu iliyotoka kwenye kinyesi cha mchangiaji ambacho hakikupimwa kijidudu hicho.

Na kama leo umepata choo cha damu mara 6 au zaidi, moyo unapiga zaidi ya mara 90 kwa dakika, au joto limepita nyuzi 37.8, usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda hospitali kubwa iliyo karibu usiku huo huo na karatasi zako za vipimo, waambie una kolaitisi na ulimeza dawa gani mara ya mwisho. Kopo nalo libebe, walione.