Anga la Makandana na Hatima ya Ulimwengu Unaotanuka

Katika usiku wa manane wa mwezi Oktoba, kabla msimu wa mvua haujashika, mkazi wa Makandana mjini Tukuyu anaweza kuona galaksi nne bila darubini, mradi anga liwe wazi na mbalamwezi isiwepo. Upande wa kusini, kuelekea Kyela na Ziwa Nyasa, huonekana mawingu mawili hafifu ya nyota yaitwayo Mawingu ya Magellan. Kaskazini, juu ya Mlima Rungwe, huonekana doa la mwanga ambalo ni galaksi ya Andromeda, iliyo umbali wa takribani miaka milioni 2.5 ya mwanga. Ya nne ni Njia Nyeupe, ambamo Jua na Dunia vimo.

Galaksi hizo zimefungwa pamoja na nguvu ya uvutano. Andromeda hata inasogea kuja upande wetu kwa kasi ya kilometa 110 hivi kwa sekunde. Nje ya kundi hilo dogo hali ni tofauti. Kazi za Georges Lemaître mwaka 1927 na Edwin Hubble mwaka 1929 zilionesha kuwa galaksi za mbali zinaachana, na kadiri galaksi ilivyo mbali ndivyo inavyokwenda kasi zaidi. Nafasi yenyewe ndiyo inayotanuka, kama donge la unga lenye hamira linavyoumuka na kuzitenganisha punje za hiliki zilizomo.

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa uvutano ulikuwa ukipunguza kasi hiyo. Mwaka 1998 timu mbili za watafiti, zikipima mwanga wa nyota zilizolipuka katika galaksi za mbali, zilikuta kinyume chake: kasi inaongezeka. Ugunduzi huo uliwapatia Saul Perlmutter, Brian Schmidt na Adam Riess Tuzo ya Nobeli ya Fizikia ya mwaka 2011. Kinachosukuma kimeitwa nishati ya giza, nacho ni karibu asilimia 70 ya vyote vilivyomo ulimwenguni. Jina hilo, kwa kweli, halielezi mengi.

Nishati hiyo ikibaki na nguvu ileile, ulimwengu utatanuka daima huku ukipoa. Baada ya miaka zaidi ya bilioni 100, galaksi za mbali zitakuwa zimetoweka hata kwenye darubini kubwa. Mwanaastronomia wa wakati huo atabaki na zile tu ambazo mkazi wa Makandana huziona leo kwa macho, huenda zikiwa zimeungana kuwa moja, na angani hataona dalili kwamba ulimwengu uliwahi kutanuka. Baadaye nyota zitazimika moja baada ya nyingine.

Nishati ikizidi nguvu, itararua galaksi, nyota na mwishowe hata atomi. Ikidhoofika hadi kugeuka kuwa mvuto, kutanuka kutasimama na kila kitu kitaanza kurudi pamoja.

Machi 2025 mradi wa DESI, unaotumia darubini iliyoko Arizona, Marekani, ulitangaza dalili kwamba nishati ya giza imekuwa ikipungua nguvu, baada ya kupima karibu galaksi na kwasa milioni 15. Dalili hizo hazijafikia kiwango cha uhakika kinachotakiwa ili kuitwa ugunduzi, na kupungua huko peke yake hakumaanishi kuwa ulimwengu utajikunja.

Afrika Mashariki nayo imo katika historia ya upimaji huu. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikapewa jina la Uhuru. Ilionesha kuwa makundi ya galaksi yamejaa gesi ya moto inayotoa eksirei. Wataalamu huitumia gesi hiyo kukadiria uzito wa makundi hayo na kufuatilia jinsi nishati ya giza ilivyopunguza ukuaji wake.

Jumbe zinazosambazwa kwenye simu zikitaja tarehe ya mwisho wa dunia hazina uhusiano na sayansi hii. Jua limebakiza takribani miaka bilioni 5 ya kuchoma hidrojeni yake, na hatima ya ulimwengu iko mbali zaidi ya hapo.