Mita kumi za amana

Na Katibu wa Kamati ya Msikiti, Tanga

ASUBUHI ya Jumapili moja ya mwezi wa Julai, baada ya swala ya Alfajiri, niliegemeza baiskeli yangu ya mtumba kwenye ukuta wa msikiti wetu hapa Tanga, nikawa naufuta mnyororo wake kwa kitambaa. Mzee mmoja wa kamati akasimama mbele yangu, akanitazama kuanzia kofia ngumu hadi raba.

"Katibu," akasema, "vitabu vya mfuko wa ujenzi unavyo wewe. Watu wakikuona unakimbizana na vijana barabarani, wataendelea kukuamini?"

Nilimjibu kwa adabu kwamba mazoezi si dhambi. Sikujua kuwa swali lake lingenirudia siku ile ile, tena kwa mlango ambao yeye mwenyewe hakuufikiria.

Mashindano niliyokuwa nikiyaendea huitwa duatloni. Mshiriki hukimbia kwa miguu, hupanda baiskeli, kisha huteremka na kukimbia tena, na saa haisimami hata anapobadilisha viatu. Kwa watu wazoefu yako mashindano ya kutisha. Katika mji wa Zofingen huko Uswisi, ambako mbio hizi zimekuwa zikifanyika tangu mwaka 1989, washiriki hukimbia kilomita 10, huendesha baiskeli kilomita 150 kwenye vilima, kisha humalizia kwa kukimbia kilomita 30. Yetu yalikuwa ya kadiri ya watu wa kawaida: kilomita 5 za kukimbia, 20 za baiskeli, na 2.5 za kumalizia.

Kwa nini niliingia

Marehemu baba yangu alikatwa mguu kwa sababu ya kisukari. Mwaka mmoja kabla ya mashindano, daktari alinipima na kuniambia kuwa sukari yangu nayo imeanza kupanda. Kazi zangu zote ni za kukaa: darasani madrasa, mezani kwenye mihutasari ya vikao, na barazani baada ya Isha, ambako chai ya maziwa na vitumbua havikosekani. Wataalamu wa afya wanashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki. Mimi sikuwa nikipata hata ishirini.

Mama watoto ndiye aliyenisukuma. Alinikumbusha kile nilichokuwa nikiwasomesha wengine, kwamba mwili ni amana, na kwamba Mtume (SAW) alishindana mbio na mkewe, Bibi Aisha (RA), safari ya kwanza Bibi Aisha akashinda, na ya pili akashindwa. "Basi wewe shindana na sukari," akaniambia. Nikaanza kwa kutembea hadi Raskazone na kurudi, kisha kukimbia, kisha nikanunua baiskeli. Baada ya miezi minane vipimo vilishuka, alhamdulillah.

Kabla ya kujiandikisha niliuliza mambo mawili. La kwanza lilikuwa mavazi, nikaambiwa suruali ndefu haikatazwi. Niliufunga mguu wa kulia kwa mpira ili usiliwe na mnyororo. La pili lilikuwa zawadi, kwani wanazuoni wetu wametahadharisha sana juu ya washindani kuchanga fedha kisha mmoja wao akazichukua, jambo linaloshabihiana na kamari. Hapa hapakuwa na fedha. Ada yetu ilikuwa ya maji, namba za kifuani na gari la huduma ya kwanza, na zawadi ilikuwa medali tu.

Barabara ya Horohoro

Tulikuwa hatufiki sitini, na katika kundi langu la umri wa miaka 30 hadi 39 tulikuwa tisa. Kabla ya kuanza, mwamuzi alitusomea kanuni. Kofia ifungwe kabla ya baiskeli kuguswa. Usipande kabla ya mstari. Na kanuni ya tatu, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike makala haya: kwenye baiskeli, kila mtu akae mita kumi nyuma ya aliye mbele yake, isipokuwa anapompita.

Msomaji asiyeendesha baiskeli huenda akaiona kanuni hiyo kuwa ni ya usalama tu. La. Adui mkubwa wa mwendesha baiskeli kwenye barabara tambarare ni hewa. Anayetangulia huipasua kwa nguvu zake, na anayejificha nyuma ya gurudumu lake huteleza katika kivuli cha upepo na kuokoa sehemu kubwa ya nguvu. Katika mbio za kila mtu na jasho lake, kujificha huko ni kula jasho la mwenzako.

Kilomita 5 za kwanza nilizimaliza vizuri. Nikafunga kofia, nikachukua baiskeli, tukaelekea kaskazini kwa barabara ya Horohoro. Julai ni msimu wa Kusi, na upepo ule ulitusukuma mgongoni hadi tukaipita Amboni, mikonge ikituinamia pembeni kana kwamba inatushangilia. Nilijiona mwanamichezo hasa.

Tulipogeuka, upepo ule ule ukatupokea usoni. Mapaja yakaanza kuungua. Kiasi cha mita mia mbele yangu nilimwona fundi baiskeli wa mtaani kwetu, ambaye ndiye aliyenirekebishia breki siku mbili kabla, akipambana peke yake juu ya baiskeli kuukuu kuliko yangu. Wakati huo kijana mmoja mrefu, mwenye nguvu, akanipita. Nikalifuata gurudumu lake. Pengo kati yetu halikufika hata mita mbili.

Nitasema kweli. Mita mia za kwanza ningeweza kudai kuwa nilipitiwa. Lakini nilikaa pale kilomita nne. Nilitazama nyuma kama pikipiki ya mwamuzi inakuja, na kule kutazama nyuma ndiko kulikonishuhudia kwamba ninajua ninachokifanya. Tulimpita fundi. Hakugeuza shingo.

Kilomita 2.5 za mwisho zilikuwa adhabu ya namna yake. Miguu iliyozoea kuzungusha pedali haikubali upesi kubeba mwili, na kwa dakika kadhaa nilikimbia kama mtu aliyeazima miguu. Nilimaliza kwa saa moja na dakika 24, mtu wa tatu katika kundi langu. Fundi alinifuata baada ya sekunde arobaini.

Swali la mwanafunzi

Wanafunzi wangu wa madrasa walikuwa wamejipanga kando ya barabara tangu asubuhi. Waliipapasa medali, wakaivaa kwa zamu. Kisha mmoja wao, mtoto wa miaka kama kumi, akaniuliza kwa kunihurumia: "Ustadh, kule barabarani ulikuwa karibu sana na yule kaka. Hukuogopa kumgonga?"

Nilicheka, nikabadilisha mazungumzo.

Usiku ule nilikaa kujumlisha stakabadhi za michango. Kila Ijumaa naandika hata shilingi mia, na hakuna anayekuja kunikagua, kwa kuwa watu wameniamini. Nikakumbuka kisa nilichowasomesha watoto wale wale wiki chache nyuma: Mtume (SAW) alipita sokoni, akatia mkono ndani ya chungu ya nafaka, vidole vyake vikakutana na umajimaji uliofichwa chini ya nafaka kavu, akamkemea vikali mwenye mali. Medali ilikuwa imetundikwa ukutani, inang'aa juu. Mimi nilijua chini yake kuna nini.

Hata hivyo sikwenda kesho yake. Nilijiambia kuwa ni mchezo tu, kwamba matokeo yameshatangazwa, kwamba katibu wa msikiti akijitangaza mdanganyifu atauaibisha msikiti. Hoja hii ya mwisho ilikuwa tamu kuliko zote, kwa sababu ilivaa kilemba.

Siku ya tatu nilikwenda kwa waandaaji. Mwamuzi alinisikiliza, akafungua kanuni zake, akaniongezea dakika mbili za adhabu. Nikashuka hadi nafasi ya tano. Nikaomba medali niipeleke mwenyewe.

Fundi alikuwa ameinama juu ya gurudumu, akiziba pancha. Nilimweleza. Akafuta mikono kwa taratibu.

"Nilikuona, Katibu," akasema. "Nikadhani hujui sheria."

"Nilijua," nikamjibu.

Akanyamaza kidogo, akaipokea medali, akaiweka kwenye boksi la spana. Kisha akaniambia tairi langu la nyuma limelika, nilete abadilishe. Alinitoza bei ile ile ya siku zote.

Zito zaidi lilikuwa kurudi madrasa. Niliwaambia watoto kila kitu, na nikamshukuru mbele ya wenzake yule aliyeniuliza. Walinyamaza kama wanaosikiliza habari ya msiba. Ndugu wazazi, tunawaonya sana watoto wetu wasifanye udanganyifu katika mitihani, lakini ni mara ngapi wametuona tukirudisha tulichokipata kwa njia hiyo?

Ijumaa iliyofuata nilikiarifu kikao cha kamati, na nikasema kwamba wakitaka kunivua ukatibu nitavikabidhi vitabu. Wajumbe walitazamana. Yule mzee akaomba tuendelee na ajenda ya paa. Tulipotoka nje alinishika mkono.

"Mwakani unakwenda tena?" akaniuliza.

"Inshaallah."

"Basi nitakaa kule Amboni mnapogeuzia," akasema, "nikuhesabie mita."